Kuruta Mbele ya Watoto: Filamu za Kujiunga na Bei ya Kukubaliwa

Waheshimiwa wazee wetu, kina mama, walimu wa shule na wa madrasa, na nyinyi vijana mliojitolea kusimamia maonyesho ya filamu watoto watakapofunga shule: asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie filamu zinazofaa kutazamwa na familia nzima, na katika hizo nimechagua aina moja tu, nayo ni filamu za makuruta: hadithi za mtu mgeni anayeingia jeshini au kujiunga na timu, akapokewa kwa makelele na kebehi, akafunzwa hadi viungo vikamuuma, na mwishowe akahesabiwa kuwa mmoja wa wenzake. Nimeichagua kwa sababu watoto wetu wanaipenda kupita kiasi, na kwa sababu sisi wakubwa huipitisha bila kuichunguza, tukidhani kwamba filamu isiyo na busu wala damu haina la kuulizwa.

Mtoto wa Likoni, hapa Mombasa, hahitaji sinema imweleze kuruta ni nani. Kambi kuu ya Jeshi la Wanamaji iko pale pale Mtongwe, na mtoto huyo akivuka kwa feri na kupita Barabara ya Jomo Kenyatta anaziona sanamu za askari zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana, na wale waliobebeshwa mizigo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila zoezi la kuwaandikisha makuruta linapotangazwa, anawaona kaka zake wakiondoka alfajiri na vyeti vyao ndani ya bahasha ya kaki, kwenda kukimbizwa, kupimwa urefu na kukaguliwa meno na nyayo. Wachache huchukuliwa, na wengi hurudi nyumbani jioni wakiwa hawataki kuulizwa swali.

Lakini wapo waandikishaji wengine wasiotangaza gazetini. Magenge ya vijana wanaobeba visu na mapanga katika baadhi ya mitaa yetu yana makuruta wao, na makundi yaliyowashawishi vijana wa pwani kuvuka mpaka na kwenda Somalia nayo yalikuwa na makuruta. Hao wote, pamoja na jeshi halali, pamoja na timu ya mpira ya mtaani, humwahidi kijana jambo lile lile, kwamba atakuwa mwenzao. Kwa hiyo mimi nikiketi kutazama filamu ya aina hii pamoja na watoto, huwa na swali moja tu mkononi: huyu mgeni anatozwa nini ili akubaliwe? Hiyo naiita bei ya kukubaliwa. Yuko anayetozwa jasho na subira. Yuko anayetakiwa amdhalilishe aliye mnyonge kuliko yeye. Na yuko anayetakiwa ausahau mlango wa mamake. Mtoto hujifunza bei hiyo bila mtu kumsomea, maana anakuwa upande wa shujaa tangu dakika ya kwanza, na chochote anacholipa shujaa huona ni halali kulipwa.

Tuanze na Mulan, katuni ya Disney ya mwaka 1998, ambayo nadhani ni nyumba chache zenye mabinti zisizoijua. Kaizari wa China anaamuru kila nyumba itoe mwanamume mmoja kwenda vitani. Mzee Fa Zhou ni mlemavu wa mguu aliyeumia katika vita vya zamani, anatembea kwa mkongojo, na hana mtoto wa kiume. Usiku wa mvua binti yake anakata nywele kwa upanga, anavaa deraya ya babake, anapanda farasi na kuondoka akijifanya mvulana. Kambini anakuwa wa mwisho katika kila zoezi, na wenzake wanamfanyia vituko kwanza kwa mzaha, kisha kwa chuki, kwa kuwa wanaona anawachelewesha.

Sasa itazameni kwa karibu sehemu ya nguzo. Kapteni Li Shang anarusha mshale hadi kileleni mwa nguzo ndefu, kisha anamtaka kuruta apande akaulete akiwa amefungwa vitu viwili vizito vya chuma, kimoja kila mkono. Kimoja, anasema, ni nidhamu na cha pili ni nguvu. Wanaume wenye misuli wanajaribu, wanateleza, wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Siku zinapita, kapteni anachoka na Mulan, anamkabidhi hatamu za farasi wake na kumwamuru arudi kwao. Badala ya kuondoka, binti anarudi kwenye nguzo, anavizungusha vile vizito hadi vinashikana nyuma ya nguzo, na kilichokuwa kikimvuta chini kinakuwa ndicho kinachomzuia asianguke. Kunapopambazuka wenzake wanatoka mahemani na kumkuta yuko karibu na kilele, na mshale unaangushwa miguuni pa kapteni.

Hapo ndipo ningependa msimamizi asimamishe picha na kuwauliza watoto: ili akubaliwe, Mulan amemuumiza nani? Hajamsukuma mtu, hajamchongea mtu, wala hajamcheka aliyeanguka kabla yake. Amelipa kwa mikono yake na kwa akili yake. Watoto wakubwa kidogo wanaweza kuulizwa na swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, kwa kuwa binti huyu amelipa bei nyingine iliyofichika, ile ya kuishi kwa jina la uongo. Jeraha lake linapofunguliwa na siri kutoka, wenzake wanapiga hatua mbele kutaka kumtetea, wanazuiwa kwa jina la sheria, na jeshi lote linamwacha peke yake kwenye theluji, ingawa ndiye aliyeliokoa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kujadili kama kukubaliwa kwa sharti la kujificha ni kukubaliwa kweli. Msimwone mdogo.

Niongeze jambo moja ambalo wapenzi wa mashairi watalifurahia. Hadithi hii inatokana na utenzi wa kale wa Kichina unaohusishwa na zama za Wei ya Kaskazini, kati ya karne ya 4 na ya 6, na katika utenzi huo hakuna kambi ya mafunzo hata kidogo. Mulan anakwenda soko la mashariki kununua farasi, la magharibi tandiko, la kusini hatamu na la kaskazini mjeledi, kisha anakwenda vitani, anapigana miaka mingi, na wenzake hawajui kuwa ni mwanamke mpaka wanapomsindikiza kwao na kumwona amevaa nguo zake za zamani. Nguzo, mshale na kapteni viliongezwa na watengenezaji wa filamu wa Marekani, kwa sababu sinema ya kuruta haiwezi kusimama bila kambi. Sisi watu wa tenzi twaweza kumwelewa yule mshairi: hakuona haja ya kuthibitisha kwamba binti anaweza, alisema tu kwamba alikwenda.

Na hiyo kambi ya sinema ina udanganyifu wake. Mafunzo yote yamebanwa ndani ya wimbo mmoja usiofika dakika nne. Mwanzoni mwa wimbo makuruta wanaanguka, mwishoni wanaruka juu ya moto. Mwambieni mtoto wazi kwamba kuruta wa kweli hufunzwa kwa miezi, na kwamba sehemu kubwa ya miezi hiyo ni kufagia, kufua, kupiga pasi, kusimama juani na kurudia jambo lile lile hadi lichoshe. Kwa wazazi wenye mabinti, mfano wa kweli uko hapa nyumbani: Fatuma Gaiti Ahmed aliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wanawake walikuwa na kikosi chao cha pembeni, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo cha Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akateuliwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa. Safari hiyo ilichukua takriban miaka arobaini.

Nije kwa sajini anayefoka. Karibu kila filamu ya kuruta ina mtu huyu, mwenye kofia iliyoshuka hadi machoni, anayesimama kidole kimoja kutoka puani mwa kijana na kumtukana. Mmarekani R. Lee Ermey, ambaye kabla ya kuigiza alikuwa mkufunzi halisi wa makuruta katika jeshi la Marine, ndiye aliyeipa sinema sauti hiyo kwa namna isiyosahaulika, katika Full Metal Jacket ya Stanley Kubrick ya mwaka 1987. Filamu hiyo si ya watoto hata kidogo, nami naitaja ili mjue isije ikachomekwa kwenye kompyuta kwa kuwa jalada lake lina kofia ya askari. Ndani yake kuruta mzito wa kuelewa anakuwa sababu ya kikosi kizima kuadhibiwa, na usiku mmoja wenzake wanambana kitandani na kumpiga kwa sabuni zilizofungwa ndani ya taulo. Bei ya kukubaliwa hapo ni kushiriki kumpiga mwenzako, na Kubrick anaonyesha bila huruma kinachofuata.

Miaka minane baadaye, katika Toy Story ya mwaka 1995, sauti ile ile ya Ermey inatoka kwa sajini wa plastiki ya kijani, kiongozi wa askari wa kuchezea wanaotumwa kwenda kupeleleza zawadi za siku ya kuzaliwa. Mama wa nyumba anamkanyaga askari mmoja. Yule askari aliyepondeka anawaambia wenzake waendelee na kazi wamwache. Sajini anakataa katakata, na wanamkokota hadi mafichoni kabla ya mlango kufunguliwa. Tukio lenyewe ni la sekunde chache, na la kuchekesha, lakini mtoto wa miaka mitano analiona na kulielewa: mkubwa mwenye sauti kali ndiye yule yule asiyekubali kumwacha mdogo. Ukali peke yake haunitishi. Ninachotaka kuona ni mwenye ukali anafanya nini mnyonge anapoanguka.

Cool Runnings, ya mwaka 1993, inatutoa jeshini na kutupeleka kwenye timu, ijapokuwa jeshi linatufuata kwa mlango wa nyuma. Filamu inasimulia vijana wa Jamaika waliokwenda kushindana katika sledi ya barafuni kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Calgary, Kanada, mwaka 1988. Katika filamu hao ni wanariadha waliokosa nafasi ya kukimbia pamoja na dereva wa mkokoteni. Katika maisha ya kweli, karibu timu nzima ilitoka Jeshi la Ulinzi la Jamaika: Dudley Stokes alikuwa rubani wa helikopta, Devon Harris alikuwa ofisa wa jeshi. Hata mwisho umebadilishwa. Sledi ilipinduka kweli, lakini vijana walitembea kando yake hadi nje ya njia; ni sinema iliyowafanya waibebe mabegani na kuvuka nayo mstari. Waandishi waliona mwanajeshi mwenye nidhamu hachekeshi kama mtu asiye na mbele wala nyuma, na pengine walikuwa sahihi kibiashara.

Mimi hapo namtazama Junior, mtoto wa tajiri. Babake amekwisha kumtafutia kazi Marekani, naye amejiunga na timu bila kumwambia. Baba anafunga safari hadi Calgary kumrudisha, na kijana, aliyekuwa akimwogopa tangu mwanzo wa filamu, anasimama mbele yake na kumweleza uso kwa uso kwamba atabaki. Baadhi yenu, wazazi wenzangu, mtasema filamu inamfundisha mtoto kumkaidi baba. Mimi naona inamfundisha kusema. Kijana wetu anayechukuliwa na genge haambii mtu. Anaanza kuzima simu, anabadilisha jina, anarudi usiku wa manane akisema alikuwa kwa rafiki. Kundi lolote linalokutaka uwafiche walio nyumbani limeshakutajia bei yake.

Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, inalionyesha hilo kutoka upande wa pili. Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda wa Kampala, anavutwa kwenye mchezo wa sataranji na kocha Robert Katende, na mamake, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anaingiwa na shaka kubwa kuhusu mwanamume huyu anayewakusanya watoto wa watu. Kocha analazimika kwenda kumkabili mama na kumweleza anachowafunza. Mwandikishaji mwema hupiga hodi. Nawasihi mtumie filamu hii mapema katika likizo, kwa sababu matope yake, magunia yake ya mahindi na lafudhi zake ni za jirani zetu.

Sasa Lagaan. Najua wengi mliokaa hapa mbele, mliozoea kwenda Naaz na Regal enzi za majumba yetu ya sinema, hamhitaji nimtambulishe Aamir Khan. Filamu hii ya Ashutosh Gowariker ilitoka mwaka 2001, inachukua karibu saa tatu na dakika arobaini na tano, na inasimulia kijiji cha India cha mwaka 1893 kilichobanwa na kodi wakati wa ukame. Ofisa Mwingereza anawawekea wanakijiji dau: wakiwashinda askari wake katika kriketi, mchezo wasioujua, watasamehewa kodi ya miaka mitatu, wakishindwa, watalipa mara tatu. Bhuvan, kijana wa kijiji anayeigizwa na Aamir Khan, anaanza kukusanya wachezaji kumi na mmoja, na kila mmoja anapojiunga unaona kijiji kikijitazama upya: mkulima, mfinyanzi, mfuga kuku, Mwislamu, Kalasinga, na bubu mpiga ngoma.

Halafu anatokea Kachra. Huyu ni mtu wa tabaka linaloitwa la wasioguswa, mwenye mkono uliopooza, anayesimama pembeni mwa uwanja kwa sababu hana ruhusa ya kusogea. Mpira unamfikia miguuni. Anaambiwa aurushe, anaogopa, kisha anaurusha kwa mkono ule mbovu, na mpira unapogonga ardhi unapinda kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Bhuvan anamtaka kwenye timu. Wenzake wanaweka silaha chini: wako tayari kulipa kodi mara tatu kuliko kucheza bega kwa bega na Kachra. Hapa bei inageuka, maana mgeni hana cha kulipa tena. Wanaotakiwa kulipa ni wenyeji, na wanachotakiwa kukitoa ni kiburi chao. Bhuvan anawakabili mbele ya kijiji kizima, wazee wakisikiliza, na hawaachi mpaka wanakubali.

Naipenda sana sehemu hiyo, na bado nina lawama nayo. Kachra anakubaliwa kwa kuwa mkono wake unajua kuupinda mpira. Je, angekuwa na mkono mbovu usiojua lolote, Bhuvan angemtetea? Filamu haisemi. Waulizeni watoto swali hilo na muwaache wagombane nalo, kwa sababu katika kila darasa la Mombasa yuko mtoto asiyejua mpira, asiye na sauti ya kuimba, anayesukumwa pembeni kwa jina la kabila lake au la mtaa wake, na hatarusha mpira wowote wa ajabu wa kumwokoa.

Kuhusu Kung Fu Panda ya mwaka 2008 nitasema machache, maana watoto wameikariri. Mwalimu Shifu kwanza anatumia mazoezi kumkatisha tamaa Po ili aondoke mwenyewe. Baadaye anagundua kwamba panda huyu hupanda ukuta na kupasua miguu hewani akitafuta chakula tu, na anaamua kumfunza kwa chakula. Anayebadilika ni mwalimu. Walimu wa michezo mlio hapa, itazameni bila watoto kwanza.

Kwa upande wa taratibu: Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ina ngazi nne, ile ya watazamaji wote, ile inayotaka uongozi wa mzazi, ya miaka 16 na ya miaka 18. Ziheshimuni, lakini zisiwapumzishe. Ngazi hizo zinahesabu matusi, damu na uchi. Hakuna ngazi inayopima dhihaka anayofanyiwa mnyonge kambini. Vilevile kuna suala la wasimulizi wa Kiswahili wanaozungumza juu ya picha, mtindo uliovuma kwa akina DJ Afro na ambao vijana wetu wa vibanda vya video wanauiga kwa ufundi mkubwa. Mimi ni mpenzi wao. Ila msimulizi ndiye anayeamua kicheko kimwangukie nani, na kuruta mnene au mwenye kigugumizi ni windo rahisi. Mkimwalika msimulizi, kaeni naye kabla ya onyesho na mpange pamoja asimtanie nani.

Napendekeza Toy Story na Kung Fu Panda ziwe za asubuhi, kwa watoto wa chini ya miaka minane, wazazi wakiwa ukumbini na si nje wakizungumza. Mulan na Queen of Katwe ziwe za alasiri, baada ya sala, kila moja ikifuatwa na nusu saa ya mazungumzo, na picha isimamishwe angalau mara moja katikati. Cool Runnings iwe ya vijana wa kuanzia darasa la sita. Lagaan igawanywe siku mbili, na siku ya kwanza ikomee pale wenzake Bhuvan wanapogoma kucheza na Kachra, ili watoto walale na ugomvi huo na warudi kesho yake wakiwa na majibu yao. Tafsiri ya mazungumzo ya Kihindi na Kiingereza isomwe kwa sauti na vijana wawili wa kupokezana, kwa sababu wadogo hawawezi kufuata maandishi yanayopita chini ya kioo.

Sasa natoa nafasi ya maswali. Naona ustadh amekwisha kuinua mkono, na nadhani ni kuhusu nyimbo. Mwalimu pale nyuma atafuata, kisha mama mwenye leso ya buluu.